Kabla hujaandika historia ya stesheni ya kwenu: niliyoyapata Voi

Mtu akikwambia stesheni ya Voi ni ya mwaka 1897, mwulize ni ipi. Kwa macho utaziona mbili: ya zamani iliyo mjini, ya reli yenye upana wa mita moja, na ya SGR, ile reli mpya, iliyo nje ya mji, iliyoanza kupokea abiria wa Madaraka Express mwaka 2017. Lakini hata hiyo ya zamani si moja. Ilianza kama kambi ya wajenzi, ikawa kituo cha njiani, vita vikaigeuza njia panda, na biashara ikairithi njia panda hiyo. Nawaandikia wenzangu wanaopanga kazi kama hii Kibwezi, Makindu, Mombo, Kilosa au popote penye stesheni ndogo na wazee wanaozidi kupungua.

Mimi ni mwalimu. Chama cha historia cha wanafunzi wetu kilitaka ubao wa maelezo, nami nikaombwa niandike ukurasa mmoja. Ukurasa huo uligeuka kitabu, ukala likizo zangu na akiba niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya paa la jikoni. Mke wangu alivumilia kwa muda, kisha akaanza kuniuliza kila nilipotoka na daftari: "Leo reli inatulipa ngapi?" Haikutulipa kitu. Ukianza, ujue hivyo mapema.

Tarehe za mwanzo hazina ugumu. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Mbele ya wajenzi kulikuwa na nyika ya Taru, kavu, yenye miiba, ambako maji ya kunywa ya wafanyakazi yalibebwa kwa treni kutoka nyuma. Kufikia mwisho wa 1897 reli ilikuwa imefika Voi, kwenye mto na chini ya vilima vya Taita, mahali pa kwanza pa kupumulia baada ya Taru. Mei 1899 ikafika Nairobi, Desemba 1901 ikagusa ziwa Kisumu. Wafanyakazi wa mkataba walioletwa kutoka India walikuwa zaidi ya 31,000, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini. Haya utayapata bila kutoka nyumbani, basi usiyapotezee nauli.

Tatizo ni simba. Kila niliyemwuliza historia ya stesheni alinipa simba wa Tsavo. Ni kweli walikuwako, wawili, wakaua watu kwenye kambi ya daraja la mto Tsavo kuanzia Machi hadi Desemba 1898, mpaka John Patterson, msimamizi wa ujenzi wa daraja hilo, alipowapiga risasi. Ngozi zao ziliuzwa na leo wamesimama wakiwa wametengenezwa kama hai katika jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago. Lakini Tsavo si Voi. Simba hao walikuwa karibu kilomita 50 mbele, na wakati huo Voi ilishaachwa nyuma, imekuwa kituo kama vituo vingine, ina karani na tangi la maji. Ukiwaachia simba mlango watakula kurasa zako zote, na hutapata hata moja ya watu waliokaa pale katika miaka 100 iliyofuata wakifanya kazi bila kuliwa na mtu. Kila mji una simba wake. Kwenu huenda ni kaburi la Mzungu au ziara ya rais. Mpe aya moja, uendelee.

Wazee nao niliwaendea kwa heshima zote, nikaketi, nikauliza: "Mzee, nieleze historia ya stesheni yetu." Wakanipa waliyoyasoma darasani: Waingereza walikuja, Wahindi wakajenga, simba wakala. Mzee aliyefanya kazi miaka na mikaka kwenye stesheni ile ananisomea kitabu cha darasa la sita! Siwalaumu. Neno historia liliwafanya wadhani nataka mambo ya wakubwa.

Mambo yalibadilika kwa mzee mmoja aliyekuwa pointiman, yule wa kugeuza njia ili treni iingie mstari unaotakiwa. Nilikuwa nimeshakata tamaa naye, nikauliza tu kwa kuongea: "Ulipoingia zamu ya usiku, cha kwanza kushika kilikuwa nini?" Akanyoosha mkono kana kwamba kitu kipo mbele yake. Taa, akasema. Unaitikisa kwanza usikie mafuta ya taa yamebaki kiasi gani. Unafuta kioo chekundu, kisha cha kijani, kwa kitambaa kikavu, maana kitambaa chenye oili kinaacha ukungu na dereva akiona rangi hafifu atasimama mbali akupigie honi mpaka stesheni masta atoke na hasira. Kisha unakwenda kwenye mkono wa pointi, unautia oili, unauvuta mara moja mtupu usikie kama kuna kokoto imekwama kwenye ulimi wa reli. "Kokoto moja tu, mwalimu. Kokoto kama hii." Akaokota moja pale uani akanipa.

Tangu siku hiyo sikuuliza tena historia. Nikauliza kazi. Mshahara ulilipwa wapi, na nani alisimama mlangoni siku ya mshahara akidai madeni? Mzigo wa mkonge kutoka Mwatate ulipimwaje? Gengi, lile kundi la kutunza njia, lilianza saa ngapi kuikagua, na nyapara alibeba nini? Dereva asiposimama, karatasi ya kumruhusu kuingia sehemu inayofuata alipewaje? Kwa swali hili la mwisho nilionyeshwa na watu wazima wawili, mmoja akiwa treni, mwingine amesimama na kitanzi cha fito mkononi kilichobanwa karatasi, na yule "treni" akipitisha mkono ndani ya kitanzi huku akikimbia. Walicheka mpaka wakakohoa. Kwenye kitabu changu ni mistari minne, lakini ndiyo mistari ambayo watoto wanaisoma wakirudia.

Ushauri juu ya kurekodi: simu inatosha, ila iweke kwenye kiti, si mkononi. Mzee akiona umeshika simu anahutubia. Usiwakutanishe wazee watatu siku ya kwanza, kwa sababu mwenye cheo kikubwa zamani atasema na wengine wataitikia. Stesheni masta na mtu wa gengi hawakuishi stesheni moja hata kama walikaa miaka ileile. Mmoja alikaa nyumba ya mawe yenye veranda, mwingine chumba kimoja na watoto watano.

Miaka ni shughuli nyingine. Hakuna anayekumbuka 1959 ikitajwa kwa tarakimu. Mpe mtu kigingi cha kufungia kumbukumbu: kabla au baada ya mafuriko ya 1961? Kenyatta alipofariki Mombasa, Agosti 1978, ulikuwa zamu gani? Jaribio la mapinduzi la 1982 je? Kwa watu wa reli ya Mombasa kigingi kikubwa kuliko vyote ni Ngai Ndethya, usiku mmoja mwishoni mwa Januari 1993, maji yaliposomba daraja na treni ya abiria ikaingia mtoni, wakafa watu zaidi ya 100. Wengi waliokuwa kazini usiku ule wanajua walikuwa wameketi wapi habari ilipoingia. Tahadhari: ukigusa kigingi hicho, jipe siku nzima na usiulize kingine. Mama mmoja aliyekuwa akiuza chai kwenye jukwaa alinyamaza muda mrefu, kisha akanitajia mabehewa kwa mpangilio wake na nani alikuwa akimnunulia dirisha gani. Nilizima simu mwenyewe.

Saa nazo zinachanganya. Mtu wa reli akisimulia kazi anahesabu kwa saa za ratiba, 19 na 22 na 24. Akisimulia nyumbani anarudi saa moja na saa nne. Mzee huyohuyo, mazungumzo hayohayo. Hili lina uzito Voi, maana Voi ilikuwa stesheni ya usiku. Treni ya abiria iliondoka Nairobi jioni, nyingine ikaondoka Mombasa jioni, zikapishana njiani gizani. Mji uliolala ukaamka kwa ajili ya dakika chache za mayai ya kuchemsha, chai na ndizi chini ya madirisha ya daraja la tatu. Nusu ya ada ya shule ya watu wa rika langu ililipwa usiku. Wanawake hawa hawamo katika ripoti yoyote ya reli niliyoisoma, na ndio waliojua treni imechelewa kabla ya abiria, kwa kuwa wao walikuwa wamechemsha mayai.

Kisha nikaenda Nairobi. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, jengo lililokuwa Bank of India. Ghorofa ya chini kuna mkusanyo wa sanaa wa Joseph Murumbi, na watu wengi hawapiti hapo. Wewe panda kwenye chumba cha kusomea. Andaa kitambulisho, ada ndogo ya usajili, penseli na mashati mepesi, vumbi lipo. Jambo moja litakuokolea siku: usiombe "faili za stesheni ya Voi". Uliza ripoti za mwaka za shirika la reli kwa jina la wakati huo. Kwanza Uganda Railway, baadaye Kenya and Uganda Railways and Harbours, kutoka 1948 East African Railways and Harbours iliyounganisha na Tanganyika, na baada ya kuvunjika kwa Jumuiya mwaka 1977, Kenya Railways. Ukitafuta jina lisilolingana na mwaka, karani atakwambia hakuna, na atakuwa amesema kweli. Tafuta pia faili za mkuu wa wilaya. Reli ikiomba ardhi ya nyumba za wafanyakazi, au wananchi wakilalamika ng'ombe kugongwa, barua ziko huko.

Gazeti rasmi la serikali ni hazina isiyo na nauli, kwani matoleo ya zamani yamepigwa picha na yanasomeka kwenye intaneti bure. Humo utaona zabuni, viwanja na uteuzi wa watu. Majumba ya makumbusho nayo ni mazuri, ila uende ukijua unatafuta nini. La Reli, Nairobi, lililofunguliwa 1971, lina injini namba 5918, Mount Gelai, moja ya zile injini kubwa za mvuke aina ya Garratt, 34 za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester na Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya mstari wa Mombasa na Nairobi. Tani 252. Nilimpigia picha fundi mmoja mstaafu aliyeambatana nami akiwa amesimama kando ya gurudumu. Hakutaka kutabasamu. Aliinama akachungulia chini, akasema wameipaka rangi mahali ambapo haikuwahi kuwa na rangi.

Sasa nije kwenye lile ambalo lingepaswa kuwa mwanzo wa kitabu chochote cha Voi. Voi haikufanywa njia panda na biashara. Ilifanywa na vita. Agosti 1914 Wajerumani waliingia Taveta, wakawa wanatuma vikosi vidogo kuilipua reli ya Uganda. Waingereza walitaka kupeleka jeshi kuelekea Kilimanjaro, na kati ya Voi na Taveta kuna ukame wa kuua nyumbu na wapagazi. Mwaka 1915 wakaanza kutandika reli kutoka Voi kuelekea magharibi, wakitumia makampuni ya reli ya jeshi la India, na Juni wakafika Maktau. Februari 12, 1916 wakapigwa vibaya kwenye kilima cha Salaita. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Smuts, wakaitwaa Taveta, na kabla mwaka haujaisha reli ya Voi ilikuwa imeunganishwa Kahe na reli ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi.

Baada ya vita askari waliondoka, reli ikabaki. Kahawa na mkonge wa upande wa Moshi ukaanza kupita Voi kwenda bandari ya Mombasa, na Tanga wakalalamika kwamba mzigo wao umeibiwa na reli ya vita. Watoto wetu hawakuwa wakijua kwamba ile njia iliyoota nyasi nyuma ya mji iliwahi kugombanisha bandari mbili. Ukitaka kuisoma kwa miguu, anza kwenye makaburi ya vita ya Voi yanayotunzwa vizuri, kisha Maktau, kisha Salaita. Beba maji kuliko unavyodhani unahitaji, na uliza habari za tembo kabla ya kuacha barabara. Mbuga iko pande zote.

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa Februari 1977, haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Karani mstaafu wa mizigo alinieleza mwaka huo wa kufungwa kwa kitu kimoja: vitabu vya stakabadhi za kwenda Moshi vilibaki kabatini, karatasi safi, na watoto wake wakazitumia kufanyia hesabu upande wa nyuma.

Kuna chanzo kingine ambacho sikuambiwa na mtu ila fundi yule. Reli zenyewe zimeandikwa. Piga magoti kando ya chuma, sugua ubavu wake kwa brashi ya waya, paka chaki, utaona jina la kiwanda, mwaka na uzito kwa yadi. Mataruma ya chuma nayo yana muhuri. Reli za kwanza kabisa za njia hii zilikuwa za ratili 50 kwa yadi, na kadiri injini zilivyozidi uzito, mstari mkuu ukawekewa chuma kizito zaidi. Lakini angalia: mwaka ulioandikwa ni wa kiwandani. Chuma kilichong'olewa mstari mkuu hakikutupwa, kilihamishiwa njia za pembeni. Ndiyo maana unaweza kukuta njia ya kuegeshea mabehewa ina reli iliyozeeka kuliko njia yenyewe. Ukiandika "njia hii ilijengwa mwaka ulioandikwa ubavuni", umepotea.

Na usifanye hivyo bila kibali cha maandishi. Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na miundombinu, na tangu hapo mtu anayechuchumaa relini na brashi anaonekana mwizi. Nilisimamishwa na walinzi nikaketishwa chini ya mwarobaini mpaka jioni, chaki mfukoni, huku wanafunzi wangu wakipita njiani na kunisalimia kwa sauti, "Shikamoo mwalimu!" Salamu hizo ndizo zilizonitoa, si maelezo yangu. Barua ya shule yenye muhuri, nakala mbili, ingemaliza jambo kwa dakika tano.

Fedha. Wengi wanaona haya kuitaja. Nauli ya Nairobi, malazi ya bei nafuu, nakala za picha zinazolipiwa kwa ukurasa, na data ya kupakua magazeti. Kubwa kuliko yote ni za wazee. Huendi kwa mzee mikono mitupu, sukari na majani ya chai ni adabu tu. Lakini wapo watakaotaka kulipwa kwa kusimulia, na hapo lazima uamue mapema. Mimi niliamua sitalipa simulizi, nitalipa muda: anayetembea nami stesheni nzima anapata chakula cha mchana na nauli ya kurudi kwa M-Pesa. Mmoja alikasirika, akaniambia Wazungu walikuja zamani wakiwa na kamera wakaondoka na kila kitu, na sasa nimekuja mimi. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwachia namba yangu. Baadaye alinipigia mwenyewe, kwa sababu alikuwa amesikia nimeandika jina la mpinzani wake.

Picha za kifamilia zina utaratibu wake. Usizichukue kwenda kuzipiga nakala, hata kwa usiku mmoja. Zipige hapo hapo, karibu na mlango penye mwanga wa asubuhi, mwenyewe akiwa ameishika kwa kingo. Geuza nyuma pia, maandishi yapo huko. Picha moja ya harusi kwenye jukwaa la stesheni ilinipa, nyuma ya bibi harusi, kibao cha jina kikionyesha kimo cha Voi juu ya usawa wa bahari kwa futi na umbali kutoka Mombasa kwa maili. Familia ilikuwa ikiiona picha ya shangazi. Mimi nilikuwa nikiona kibao. Niliwaambia, wakacheka, wakaniuliza kama nitamtaja shangazi. Nimemtaja.

Pointiman wangu alifariki kabla sijarudi na maandishi. Nilikuwa nimemwahidi nitarudi baada ya mitihani, na mitihani ya shule haiishi. Sauti yake ninayo, na mwanawe nimempa nakala, lakini kulikuwa na maswali juu ya taa ambayo hakuna mwingine aliyebaki wa kuyajibu. Kama una orodha ya wazee, usiipange kwa umuhimu wa cheo. Ipange kwa umri, na kwa umri ipange tena kwa afya.

Kabla ya kuchapa, nilisoma rasimu kwa sauti mbele ya wote waliobaki, chini ya mti ulio karibu na stesheni ya zamani. Hapo ndipo niliwakutanisha, na ugomvi ulikuwa mtamu. Walibishana juu ya nani alikuwa na ufunguo wa chumba cha mizigo. Mama wa chai alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema nimekosea bei ya yai, na kwamba kwenye treni ya kutoka Nairobi hakuna aliyenunua mayai, walikuwa wamelala. Mayai yalikwenda kwa treni ya kutoka Mombasa. Tuliifuta sentensi, tukaandika yake. Nakala zilichapwa mjini, za bei rahisi, jalada jembamba, na chama cha historia sasa kinaandaa safari ya Maktau.